Lafudhi Hukaa Wapi?

Irabu hutokea pumzi inapopita kinywani bila kuzuiwa. Kinachotofautisha moja na nyingine ni mahali ulimi ulipoinuka na umbo la midomo. Eneo hilo la kinywa halina mipaka ya maumbile, kwa hiyo kila lugha huligawa itakavyo. Kiswahili kimeligawa sehemu tano. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, ukijumlisha na irabu zinazoteleza, hukaribia 20.

Aliyelelewa kwa irabu tano hulazimika kuzipokea hizo 20 kama wageni katika nyumba ya vyumba vitano. Ndiyo maana Nairobi na Dar es Salaam cat, cut na cart mara nyingi hutamkwa kwa a ileile. Na si ulimi peke yake. Patricia Kuhl na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba watoto wa Japani na wa Marekani wenye miezi 6 hadi 8 hutofautisha r na l karibu sawasawa. Wakifika miezi 10 hadi 12, wale wa Japani wameanza kuachwa nyuma. Sikio hujifunza mapema lipuuze nini.

Lakini kuna watu wazima wanaoisikia tofauti vizuri, wanaweza hata kuiigiza kwa mzaha, na bado hawaitumii. Hao tuwaelezeje?

Elizabeth Gatbonton na wenzake waliligusa hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005. Waliwasikilizisha wanafunzi wa Kiingereza nchini Kanada, wazungumzaji wa Kifaransa wa Quebec wakiwemo, sauti za wenzao. Mwenye lafudhi nzito alionekana mwaminifu zaidi kwa jamii yake; aliyekaribia matamshi ya wazawa wa Kiingereza alitiliwa shaka. Kwa hiyo kutamka vizuri kuna gharama, na mwanafunzi huijua. Kenya gharama hiyo hulipwa pande zote mbili: anayeshrabu, yaani anayetamka Kiingereza kwa lafudhi ya lugha ya mama, huchekwa darasani, na anayetwenga, yaani anayeiga lafudhi ya kigeni, huchekwa vilevile, pengine na watu walewale.

Tena, sehemu ya lafudhi imo kwa msikilizaji. Mwaka 1992 Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, aliwasikilizisha wanafunzi mhadhara mmoja uliorekodiwa na mzawa wa Kiingereza. Walioonyeshwa picha ya mwanamke wa Kiasia kama ndiye mhadhiri waliuelewa kwa kiasi kidogo kuliko walioonyeshwa picha ya Mzungu. Mazoezi ya matamshi yasingemsaidia mhadhiri huyo, maana kanda ilikuwa ileile.