Umempata Mfanyakazi? Kazi Ndiyo Kwanza Imeanza

Wenye maduka na ofisi ndogo tunapenda kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawakai kazini. Mwezi wa kwanza anachangamka, wa pili anachelewa, wa tatu simu haipokelewi. Wapo wasiofaa kweli. Lakini ukichunguza utakuta wengi walipokewa kama wadai: hakuna aliyejua wanaanza siku hiyo, hakuna aliyewaonyesha choo kilipo, na kazi yenyewe waliijua kwa kugombezwa. Vidokezo hivi ni vya mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mgahawa au zahanati hapa Tanzania ambaye hana ofisa rasilimali watu. Ofisa ni yeye mwenyewe na daftari lake.

1. Andika kazi kabla ya kuandika tangazo

“Anahitajika mtu mchapakazi, mwaminifu, mwenye uzoefu.” Tangazo la namna hii halimkatazi mtu yeyote, ndiyo maana utapata maombi mia. Kaa chini kwanza uandike atakachofanya: atafungua saa ngapi, atapokea mzigo, atakata risiti za EFD, atapeleka fedha benki? Ukiona orodha imebeba kazi za watu watatu kwa mshahara wa mmoja, usimtafute mtu bado, ipunguze kwanza. Na mshahara utaje. “Mshahara ni maelewano” huishia kwa watu wawili kupotezeana muda.

2. Mtoto wa shangazi naye apange foleni

Sisemi usiajiri ndugu. Maduka mengi mjini yamesimama kwa nguvu za ndugu. Ila naye afanyiwe usaili uleule, apewe karatasi ileile, na muafikiane mapema nani atamwambia akikosea. Kama jibu ni kwamba hakuna wa kumwambia kwa sababu shangazi atanuna, basi mtumie shangazi nauli na kazi mpe mwingine.

3. Kwenye usaili, mpe kazi aifanye

Maswali ya “jielezee” yanampa ushindi mwenye mdomo. Ukitafuta muuzaji wa vifaa vya ujenzi, mpe karatasi yenye oda: nondo 15 za milimita 12, saruji mifuko 20, misumari ya inchi nne kilo 3, bati za geji 30. Mpe na orodha ya bei. Mwambie ajumlishe, apunguze asilimia 5, na wakati anahesabu mtu mwingine aje kuulizia rangi. Tazama anavyofanya. Amemwacha mteja wa pili akiwa amesimama bila hata salamu? Amekosea hesabu akaendelea, au amerudia? Amekuuliza bati za urefu gani, maana hukuandika? Huyo anayeuliza mshike. Anayekisia leo mbele yako atakisia kesho mbele ya fundi, na lori likishatoka na mzigo usio wenyewe, gharama ya kurudisha ni yako.

Nusu saa ya jaribio inatosha. Ukimtaka siku nzima, mlipe. Kupata vibarua wa bure kwa jina la usaili ni wizi tu.

Kuna maswali ya kuacha pia. Una mimba? Umeolewa? Kabila gani? Unasali wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imekataza ubaguzi wa aina hiyo, na inamlinda hata mwombaji ambaye hujamwajiri bado. Vilevile huwezi kumlazimisha apime VVU. Sheria ya UKIMWI ya 2008 hairuhusu.

4. Wadhamini wapigie simu

Barua ya mtendaji inakuambia mtu anakaa mtaa gani, basi. Tabia yake kazini anaijua aliyefanya naye kazi. Piga simu, salimia vizuri, kisha uliza swali moja: “Ungempata leo, ungemchukua tena?” Akisita, sikiliza anavyosita.

Vyeti chukua nakala, vyeti halisi mrudishie mwenyewe. Kuvifungia kabatini ili asiondoke hakumfanyi mtu awe mwaminifu. Kunamfanya apange kuondoka kimyakimya. Na nakala hizo, pamoja na namba yake ya NIDA, ni taarifa binafsi zinazolindwa na sheria ya 2022. Wasifu wa waombaji mliowakataa usiishie kufungia karanga kwa muuzaji wa jirani. Nimewahi kununua karanga za namna hiyo, nikajua mpaka shule ya msingi aliyosoma mtu.

5. Mkataba kabla ya ufunguo

Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa. Kama hayaelewi, ni wajibu wako kuhakikisha anaelezwa mpaka aelewe. Karatasi hizo uzitunze kwa miaka mitano baada ya yeye kuondoka. Usidhani bila karatasi uko salama: mkifikishana kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na huna maandishi, wewe ndiye utakayebeba mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana.

Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na fungu la mfanyakazi halizidi asilimia 10. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa mwajiri peke yake, usimkate hata shilingi. Na michango hii miwili inaanza siku ya kwanza. Ile habari ya “bado uko kwenye majaribio, NSSF tutaanza baadaye” haimo kwenye sheria yoyote.

6. Siku ya kwanza ijue jana yake

Sare iwe imefuliwa, kiti kiwepo, na wenzake wawe wamejulishwa jina lake na anakuja kufanya nini. Wewe uwepo mlangoni. Mzungushe: choo, maji ya kunywa, swichi kuu ya umeme, kizimamoto, mahali pa kuswalia kama papo. Mwambie na yale yasiyoandikwa popote: mzee wa stoo anaamkiwa shikamoo hata ukimkuta amekasirika, mama anayeleta chakula analipwa Ijumaa, bosi hapigiwi simu wakati wa swala. Mchana mle naye. Mgeni kula peke yake kwenye kona siku ya kwanza ni jambo ambalo hatosahau.

7. Kabla ya kumkabidhi stoo na droo, hesabuni pamoja

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Kijana anakabidhiwa funguo Jumatatu, mwisho wa mwezi mnahesabu, mifuko 11 ya saruji haipo. Nani aliichukua? Yeye anasema aliikuta hivyo, wewe unasema mwizi, na wote wawili hamna karatasi.

Kwa hiyo siku ya makabidhiano fungeni duka mapema. Mmoja ahesabu, mwingine aandike, kisha mbadilishane. Saruji iliyoganda iandikwe kuwa imeganda. Rangi iliyofunguliwa iandikwe imefunguliwa. Droo ihesabiwe noti kwa noti, sarafu kwa sarafu. Wekeni sahihi wote wawili, kila mtu abaki na nakala. Usione aibu kumhesabia mtu mbele ya macho yake. Mwaminifu atafurahi kuliko wewe.

Ikitokea hasara, huwezi kukata mshahara kwa hasira. Lazima iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini, umweleze kwa maandishi sababu, kiasi na ulivyokipata, umpe nafasi ya kupinga, na makato yote yasipite robo ya mshahara wake.

8. Mwalimu awe mmoja

Usimkabidhi kwa “wenzako watakuelekeza.” Wenzake wanne watamwelekeza njia nne, mojawapo ikiwa ile ya kuuza bila risiti. Mchague mwenye subira, hata kama si muuzaji wako bora. Na waambie wa zamani waziwazi kwamba huyu hakuja kumwondoa mtu, kama ni kweli. Kama si kweli, una barua nyingine ya kuandika kwanza.

9. Majaribio yawe na tarehe

Kanuni za ajira za 2007 zinataka kipindi cha majaribio kiwe cha muda unaofaa, kisichozidi miezi 12. Kwa duka, mitatu inatosha kumjua mtu. Kila Jumamosi jioni kaa naye dakika kumi: nini kimekwenda, nini hakikwenda, nini hapa hakimwingii akilini. Hilo la mwisho lichukulie kwa uzito, kwa sababu macho yake bado ni mapya na yanaona upuuzi ambao nyinyi mmeshauzoea. Andika mlichoongea.

Akionekana hafai, mwambie mapema na mpe muda wa kurekebisha. Mkishindwana, taarifa ya kusitisha mkataba ni siku 7 ikitolewa ndani ya mwezi wa kwanza. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, ni siku 28. Kumwambia “kesho usije” kwa simu si taarifa.

Na akifaa, barua ya kumthibitisha iwe mezani siku majaribio yanapoisha. Usisubiri aje kukuuliza.