Tangazo Lililovaa Joho la Habari

Mfanyabiashara asifuye bidhaa yake hadharani hatendi kosa. Kila amsikiaye sokoni ajua kwamba huyu ni muuzaji, naye huyapima maneno yake kwa kadiri hiyo. Ubaya twauona pale muuzaji anapojificha, akasema kwa kinywa cha mwandishi wa habari, cha tabibu, au cha rafiki.

Jambo hili si geni. Mwaka 1912 Marekani ilitunga sheria iliyoyataka magazeti yaliyosafirishwa kwa nauli nafuu ya posta yatie neno "tangazo" penye kila habari iliyolipiwa. Siku hizi ujanja ule ule umehamia katika barua pepe.

Mwezi wa Juni 2016 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani iliwashtaki wachuuzi fulani wa Florida waliouza vidonge vya kupunguza unene. Tume ilieleza kwamba barua zilitumwa kwa kutumia masanduku ya barua pepe yaliyoibwa, hata mpokeaji akaona juu yake jina la ndugu au rafiki yake. Ndani mlikuwa na maneno machache tu, na mahali pa kubonyeza. Aliyebonyeza alifikishwa kwenye ukurasa uliopambwa mfano wa gazeti, ukilitaja jina la Oprah Winfrey, ati naye amevisifu vidonge hivyo!

Tena angalieni jinsi kazi inavyogawanywa. Asukaye ukurasa wa namna hii mara nyingi siye mwenye dawa. Yeye hulipwa ujira kwa kila mnunuzi ampelekaye. Kwa hiyo dawa ikifaa au isipofaa, kwake ni mamoja. Naye mama aliyeweka akiba ya ada ya shule huitoa, akidhani amepewa shauri na mtu asiyetazamia faida yoyote.

Basi, enyi wazazi, kabla ya kununua ulizeni ni nani alipwaye. Tazameni chini kabisa, penye herufi ndogo, kama pana neno "imedhaminiwa". Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 yamlazimu mtuma matangazo aandike anwani yake ya posta na njia ya kuzikataa barua zake. Tangazo lisilo na hayo, litieni shaka. Na jina la jamaa likionekana juu ya barua ya namna hii, msiijibu. Mpigieni simu mwenyewe. Huenda hajui kwamba sanduku lake limeingiliwa, naye yampasa abadili neno la siri siku hiyo hiyo.