Taarifa za Mtumishi Ndani ya Mfumo: Usahihi Unaoanzia Masijala

Halmashauri ya wilaya ni miongoni mwa waajiri wakubwa katika eneo lake. Walimu, wauguzi, maafisa ugani, watendaji wa kata na wa vijiji, madereva na wahasibu wote wamo katika ikama yake, na mishahara yao hulipwa kwa kufuata taarifa zilizomo katika Mfumo wa Taarifa za Kiutumishi na Mishahara, unaofahamika kwa kifupi cha HCMIS. Makala haya yanaeleza namna mfumo wa aina hiyo unavyofanya kazi, mambo ambayo hauwezi kuyafanya wenyewe, na sababu za kumhusu hata mwananchi asiyekuwa mtumishi.

Kabla ya mifumo ya kompyuta, maisha yote ya kikazi ya mtumishi yalihifadhiwa katika jalada: barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, kupanda daraja, likizo, onyo na uhamisho. Jalada lilikuwa na faida yake, kwani afisa masijala mzoefu aliwafahamu watu wake kwa sura na kwa historia. Udhaifu wake ulikuwa mwendo. Mwalimu akifariki dunia au akiacha kazi, Mwalimu Mkuu aliandika barua, nayo ikapita ngazi baada ya ngazi hadi kufika mahali mshahara ungeweza kusimamishwa. Wakati barua ikiwa njiani, fedha ziliendelea kuingia benki. Si kila mtumishi hewa alizaliwa kwa hila. Wengine walizaliwa kwa barua iliyochelewa, na hila ikafuata pale ilipobainika kwamba hakuna anayehesabu.

Ukubwa wa tatizo ulionekana wazi mwaka 2016, Serikali ilipoagiza uhakiki wa watumishi nchi nzima. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili, Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyotaja watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Somo la kiufundi katika zoezi hilo mara nyingi husahauliwa. Vyeti hivyo vilikuwa vimekaa ndani ya majalada kwa miaka, vikiwa na mihuri na sahihi, na kila aliyefungua jalada aliviona. Vilibainika pale taarifa za waajiri zilipolinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani la Tanzania. Nguvu ya mfumo ni hiyo hasa: kuweka kumbukumbu mbili ana kwa ana na kuonesha zinapotofautiana.

Nguvu hiyohiyo humwumiza mtumishi mwaminifu ambaye taarifa zake hazikuandikwa kwa uangalifu. Chukulia muuguzi aliyeitwa Zainabu katika cheti cha kidato cha nne, Zainab katika kitambulisho cha Taifa, na ambaye baada ya ndoa jina la mume liliingizwa katika kumbukumbu za mwajiri badala ya jina la baba. Kwa afisa masijala huyo ni mtu mmoja, tena anayefahamika hadi anakoishi. Kwa kompyuta ni watu watatu. Tofauti hiyo inaweza kulala miaka mingi bila kumsumbua yeyote, kisha ikaamka siku anapokaribia kustaafu. Kila mwezi asilimia 5 ya mshahara wake ilikatwa na mwajiri akachangia asilimia 15 katika Mfuko wa PSSSF. Fedha zipo, kazi ilifanyika, lakini mwenye haki analazimika kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Kumwambia mtu wa miaka 60 aanze kutafuta barua ya ajira ya ujanani mwake ni adhabu kwa kosa la kalamu ya mtu mwingine. Kwa hiyo gharama kubwa ya kuanzisha mfumo haiko katika kununua kompyuta. Iko katika kazi ya kuchosha ya kusafisha taarifa: kufungua jalada moja baada ya jingine, kulinganisha majina, tarehe na namba, na kumwita mhusika pale yasipooana.

Jambo la pili ni kituo cha kazi. Hutokea muuguzi akaondolewa zahanati ya kijiji kwa maelekezo ya mdomo ili akasaidie kwa muda kituo cha afya kilichoelemewa. Muda huo hurefuka. Katika mfumo, zahanati ina wauguzi wawili. Uhalisia wake, yupo mmoja, naye akienda likizo ya uzazi mlango hufungwa. Halmashauri inapoomba kibali cha ajira mpya, zahanati hiyo haionekani kuwa na upungufu. Mama mjamzito anayetembea kwenda kijiji cha jirani hajawahi kuusikia mfumo huo, lakini ndiye anayelipa kosa lake. Uhamisho wa ndani usioingizwa katika mfumo, hata uwe wa nia njema kiasi gani, ni taarifa ya uongo kwa wapangaji.

Upande wa utendaji, fomu za OPRAS, zilizoanza kutumika mwaka 2004, sasa nafasi yake imechukuliwa na mfumo wa PEPMIS, ambamo mtumishi hupanga majukumu yake na msimamizi huyathibitisha. Wanaozikumbuka fomu hizo wanajua kwamba nyingi zilijazwa kwa siku moja mwishoni mwa mwaka wa fedha, ili mtu asikose kupanda daraja. Kompyuta haiondoi tabia hiyo yenyewe. Mtumishi anaweza kunakili majukumu ya mwenzake, na msimamizi akathibitisha bila kusoma.

Yapo pia mazingira magumu ambayo hayafai kuitwa uzembe. Mtendaji wa kijiji kisicho na mtandao wa uhakika hulazimika kusafiri hadi makao makuu ya kata, kwa nauli na vifurushi vyake mwenyewe. Hapo ndipo huzaliwa desturi ya kumwachia kijana wa steshenari namba ya kuingilia na neno la siri ili amjazie. Desturi hiyo ni ya hatari. Kinachofanyika kwa neno la siri la mtu huhesabiwa kuwa amekifanya yeye, na taarifa zake binafsi huwa mikononi mwa asiyehusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda. Kwa hiyo halmashauri inayodai usiri wa watumishi wake ina wajibu wa kuwawezesha. Kutenga siku maalumu kila mwezi, ambapo ofisi ya kata yenye intaneti hufunguliwa kwa watumishi wa vijijini mbele ya afisa TEHAMA, kungegharimu kidogo kuliko marekebisho yanayofuata baadaye.

Mtumishi mwenyewe anayo nafasi ya kujikagua. Kupitia dirisha la huduma binafsi linaloitwa ESS, ambalo pia hupokea maombi ya likizo na ya uhamisho, anaweza kuzisoma baadhi ya taarifa zake bila kusubiri siku ya uhakiki. Inafaa alinganishe majina matatu kama yalivyo katika vyeti na kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuajiriwa, cheo, kituo cha kazi na namba ya akaunti. Akiona tofauti, aandike barua kwa mwajiri kupitia kwa mkuu wake wa kazi, aambatanishe nakala za nyaraka zinazothibitisha, na abaki na nakala yake iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kisha afungue tena taarifa zake mwezi unaofuata kuona kama marekebisho yameingia.