Dondoo muhimu: Kwa anayekusudia kuhamia Tunduma

Iwapo riziki ndiyo ikuitayo Tunduma, kabla hujafunga mizigo nenda ukakae siku kadhaa hapo mpakani, mkabala na Nakonde ya Zambia, uyatazame malori yaliyopanga foleni yakingoja hati za forodha. Kwani kazi nyingi za mji huu, tangu uwakala wa forodha na ubadilishaji wa fedha hata sufuria la wali la mama lishe anayewalisha madereva, huinuka na kushuka pamoja na foleni hiyo. Basi jiwekee akiba ya kodi na chakula kwa miezi ambayo mpaka utapooza.

Atafutaye kazi ya serikali na aulizie pia Vwawa, makao makuu ya mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016.

Ama faraja ya mwili na roho, iko nje ya mji: Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, mashamba ya kahawa, na milima ya Ileje, ambako sweta ni lazima. Mwenye watoto wadogo, kwa rai yangu, heri apange Vwawa, na nauli ya kila siku aikadirie kabla ya kutia saini mkataba.