Ufahamu na Ufupisho: Mazulia ya Sufu na Rangi za Mimea

Mtahiniwa, wengi hupoteza alama za ufupisho kwa kunakili sentensi za kifungu badala ya kutoa hoja kuu. Soma kifungu hiki mara mbili, jaribu maswali bila kutazama majibu, kisha jisahihishe.

Kifungu

Kwa karne nyingi, wanawake wa vijiji vya magharibi mwa Uturuki wamefuma mazulia ya sufu ya kondoo. Sufu husokotwa kuwa nyuzi, kisha nyuzi huchemshwa na shabu ili rangi ishike. Mizizi ya mmea wa rubia hutoa rangi nyekundu, na nili hutoa buluu. Ili kupata kijani, nyuzi hutiwa katika nili na katika rangi ya njano.

Mwaka 1856, kijana Mwingereza William Henry Perkin aligundua rangi ya zambarau iliyotokana na lami ya makaa ya mawe. Rangi nyingine za viwandani zikafuata. Zilirahisisha kazi, hivyo wafumaji wengi wakaacha kuchimba mizizi. Hata hivyo, baadhi ya rangi hizo za mwanzo zilichujuka juani na kuvuja zilipofuliwa. Katika vijiji vingi, ujuzi wa rangi za mimea ukasahaulika.

Baadaye, mtaalamu wa kemia Mjerumani, Harald Böhmer, alichunguza mazulia ya kale ili kutambua mimea iliyotumika. Mwaka 1981 ulianzishwa mradi wa DOBAG, ukishirikiana na Chuo Kikuu cha Marmara, na wafumaji wa eneo la Ayvacık wakaanza tena kutumia rangi za mimea.

Maswali

1. Shabu ina kazi gani?
2. Eleza maana ya "zilichujuka" kama ilivyotumika katika kifungu.
3. Je, ni kweli kwamba rangi zote za viwandani zilikuwa duni? Thibitisha.
4. Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 30.

Majibu na maelezo

1. Huifanya rangi ishike kwenye nyuzi.
2. Zilipauka, zilipoteza rangi yake.
3. Si kweli. Kifungu kinasema "baadhi ya rangi hizo za mwanzo". Neno "baadhi" ndilo ushahidi wako. Anayeliruka hujibu "ndiyo" na kukosa alama.
4. Baada ya ugunduzi wa 1856, rangi za viwandani zilisambaa kwa kuwa zilirahisisha kazi. Ingawa baadhi zilichujuka na kuvuja, ziliwafanya wafumaji waache mimea na kusahau ujuzi wao. (Maneno 26)

Zingatia: Jina la Perkin na zambarau vimeachwa kwa sababu ni maelezo ya ziada. Kilichobaki ni chanzo, sababu na matokeo. Kabla ya kuandika ufupisho wowote, jiulize: nini kilitokea, kwa nini, na kilileta nini?