Dondoo muhimu: Kutoa sarafu za kidijiti sokoni kwenda pochi yako

Maneno 12 ya siri ya pochi yaandike kwa kalamu, ukiwa nyumbani, mlango umefungwa. Usiyapige picha. Simu ikichomolewa mfukoni pale Mtaa wa Kongo, picha imeondoka nayo. Fundi simu asiyaone kamwe, hata awe rafiki.

Anwani ya pochi inakili, usiichape. Kisha linganisha herufi moja moja, hata za katikati, maana matapeli hutengeneza zinazofanana mwanzo na mwisho. USDT ya mtandao wa Tron huenda kwenye anwani inayoanza na T. Ya Ethereum, 0x. Benki Kuu ya Tanzania ilishatahadharisha Novemba 2019 kuwa sarafu hizi si fedha halali nchini, hivyo usitegemee ikurudishie zikipotea: tuma kidogo kwanza, ngoja zifike. Weka na TRX, sarafu ya Tron, kwa ajili ya ada, la sivyo USDT yako ya Tron inaweza kukwama pochini.