Je, Chanjo ya Homa ya Ini Irudiwe?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi muhula huu: mtu aliyechanjwa homa ya ini aina ya B utotoni, je, imempasa kuchanjwa tena ukubwani? Si swali la bure. Ugonjwa huu huenea kwa damu na majimaji ya mwili, nao waweza kukaa kimya miaka mingi huku ukiharibu ini, hata kuleta saratani.

Kwanza tazameni kadi ya kliniki. Hapa Tanzania watoto walianza kupewa chanjo hii katika ratiba ya kawaida mwaka 2002, nayo hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mzazi aliyezaliwa kabla ya hapo yamkini hakuipata kabisa. Huyo hana cha kurudia. Apimwe damu, na akionekana hana ugonjwa aanze mwanzo. Aliyekatiza njiani haanzi upya, bali huendelea pale alipoachia.

Sasa tumtazame aliyemaliza zote tatu. Baba mmoja aliniletea karatasi ya maabara, amejaa hofu, maana kinga ya mwanawe ilikuwa chini ya 10, kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kutosha. Nilimweleza hivi: Mzee, kinachopimwa hapa ni askari walioko zamu. Hao hupungua kadiri miaka inavyopita. Lakini mwili huweka pia chembe zenye kumbukumbu, ambazo kipimo hiki hakizioni. Virusi vya ugonjwa huu ni vya mwendo wa pole. Kwa kawaida hupita miezi miwili au mitatu kabla mtu hajaugua. Chembe zile huunda askari wapya kwa siku chache tu. (Pepopunda haitoi nafasi kama hiyo, ndiyo maana sindano yake hurudiwa.)

Huko Alaska, Marekani, watu waliochanjwa mwaka 1981 walipimwa baada ya miaka 30. Karibu nusu yao kinga ilikuwa chini ya 10. Wengi wa hao walipodungwa sindano moja, 88 katika kila 100 kinga yao ilipanda tena ndani ya mwezi mmoja. Kumbukumbu haikufutika. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halimtaki mtu mwenye afya njema arudie. Nilimshauri mzee yule aweke fedha yake.

Wapo wasioingia katika hesabu hiyo. Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine hupimwa kila mwaka, na wenye kinga dhaifu wamwulize daktari wao. Na ninyi mtakaokwenda kusomea uuguzi au udaktari, mtashika damu za watu kila siku: pimeni, na kinga ikiwa chini ya 10 dungwa sindano moja, kisha pimeni tena baada ya mwezi mmoja au miwili.

Aliyepoteza kadi aulize zahanati alikochanjwa, huenda daftari lipo. Lisipopatikana, ahesabiwe hakuchanjwa; sindano ya ziada haimdhuru.